Kuanza kutazama ndege na kutunza orodha yako ya maisha

Orodha ya maisha ni kumbukumbu ya kila spishi ya ndege wa porini uliyoitambua mwenyewe, ndege akiwa hai na huru. Kuku wa bandani na kasuku wa kizimbani hawamo. Thamani yake iko kwenye maelezo yaliyoandikwa papo hapo: jina tupu halina namna ya kuhakikiwa baadaye.

1. Darubini

Anza na 8x42. Namba 8 ni mara inazokuza, 42 ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Wengi hukimbilia 12x wakidhani kukuza zaidi ndiyo ubora, kumbe mtikisiko wa mkono nao hukuzwa na eneo linaloonekana hupungua, hivyo ndege mdogo anayerukaruka matawini huwakwepa. Ukivaa miwani, teremsha vikombe vya macho (pete za mpira unapotazamia). Usipofanya hivyo utaona duara dogo lenye giza pembeni.

Irekebishe kabla ya kutoka. Ziba kioo cha mbele cha kulia, tazama kitu kisichosogea kwa jicho la kushoto na uzungushe gurudumu la katikati hadi picha itulie. Kisha ziba cha kushoto na, bila kugusa gurudumu, zungusha pete ya jicho la kulia. Kumbuka namba ya pete hiyo, maana husogea yenyewe mfukoni. Macho yakichoka haraka, mara nyingi tatizo ni hapo.

2. Kumnasa ndege

Ukimwona kwa macho, usimwachie. Kaza macho kwake, kisha inua darubini hadi ikutane nayo. Ukiinama kuitafuta kifuani, umeshampoteza. Fanya mazoezi kwa shomoro na njiwa kwanza. Na kamwe usielekeze darubini kwenye jua.

3. Tazama kwanza, kitabu baadaye

Ndege hakusubiri, kitabu kitakusubiri. Fuata mpangilio huu: ukubwa (ukimlinganisha na shomoro, njiwa au kunguru), umbo la mdomo na mkia, anachofanya, na rangi mwishoni. Rangi hudanganya: ndege aliye na jua mgongoni mwake huonekana mweusi, makinda hawafanani na wazazi, na madume wa spishi nyingi za bata hupata manyoya kama ya majike baada ya msimu wa kuzaliana.

Chukua teleka (ndege wanaofanana na mbayuwayu) wawili wenye kiuno cheupe, *Apus affinis* na *Apus caffer*. Wa kwanza ana mkia wa mraba, weupe wa kiuno ukizunguka hadi ubavuni. Wa pili ana ukanda mwembamba mweupe na mkia uliopasuka, lakini huufumba mara nyingi ukaonekana kama ncha moja. Mfuate hadi akate kona, hapo mkia hufunguka. Na ikiwa ndege huyo anatua kwenye waya, si teleka hata kidogo, fikiria mbayuwayu.

4. Programu ya simu

Merlin hutambua milio na picha. Ichukue kama mdokezo. Kelele za mto, ndege wanaoiga wenzao na milio inayogongana huipotosha, kwa hiyo jina likitokea, mtafute ndege kwa macho. Usimchezee ndege milio iliyorekodiwa ili aje karibu, hasa msimu wa kuzaliana: huacha kiota akija kupambana na mpinzani asiyekuwepo.

5. Andika

Kwa kila spishi mpya: tarehe, saa, mahali hasa, idadi, jina la kisayansi, aliyeonekana au aliyesikika tu, na alama zilizokuthibitishia. Mfano: “Saa 12:40 asubuhi, juu ya bwawa. Teleka 6, kiuno cheupe hadi ubavuni, mkia wa mraba. *Apus affinis*.” Usipouona mkia, andika “teleka, spishi haijulikani” na usimwingize kwenye orodha. Kuacha pengo ni uaminifu.

6. Orodha yenyewe

eBird, tovuti na programu ya kurekodi ndege iliyoanzishwa mwaka 2002 na Cornell Lab of Ornithology pamoja na National Audubon Society, ni ya bure na hujenga orodha yako kutokana na unachoingiza. Swali lake la kama umeorodhesha ndege wote ulioweza kuwatambua lijibu “ndiyo” ikiwa tu hukuwaruka wale wa kawaida. Mtu anayeandika tai na kumwacha kunguru anaharibu takwimu.

Tumia mfumo mmoja wa majina, maana wanasayansi hugawa na kuunganisha spishi. Mwaka 2024 eBird ilimgawa bundi *Tyto alba* kuwa spishi tatu. Aliyeandika mahali alipomwona aliweza kujua ni yupi, na aliyewaona katika mabara tofauti huenda aliongeza spishi bila kutoka nyumbani. Mara kwa mara pakua nakala ya data zako uihifadhi kwingine, na daftari la karatasi usilitupe.