Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusoma Kumbukumbu za Majemadari wa Ujerumani

Anayetaka kusoma habari za viongozi wa kisiasa na kijeshi wa Ujerumani aanze na tarehe 18 Januari 1871, siku dola ya Ujerumani ilipotangazwa katika kasri la Versailles, Ufaransa. Kabla ya hapo Otto von Bismarck, Kansela wa kwanza wa dola hiyo, alikuwa mtumishi wa ufalme wa Prussia, na katika vita vya 1866 Prussia ilipigana na Austria iliyoungwa mkono na falme nyingine za Kijerumani, zikiwemo Bavaria na Saxony. Majina nayo yahakikiwe, kwa maana akina Helmuth von Moltke walioongoza makao makuu ya jeshi ni wawili, ami na mwana wa nduguye: wa kwanza aliondoka 1888, wa pili alishika kazi kuanzia 1906 hadi 1914.

Jambo zito kuliko yote ni kujua mwandishi aliandika lini, na alikuwa na nini cha kuficha. Mfano ulio wazi ni Paul von Hindenburg, mkuu wa majeshi ya Ujerumani mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 29 Septemba 1918 yeye na msaidizi wake, Jenerali Erich Ludendorff, ndio waliomweleza Kaisari Wilhelm II kwamba ni lazima kuomba kusitisha mapigano, kwa sababu jeshi halikuweza tena kushinda. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, Hindenburg huyo huyo alisimama mbele ya kamati ya Bunge akadai kwamba jeshi lilichomwa kisu mgongoni, yaani lilisalitiwa na raia wa nyumbani. Uongo huo uliwaangukia wanasiasa waliobebeshwa aibu ya kushindwa, ukawalisha Wanazi kwa miaka mingi. Na ni Hindenburg, akiwa Rais, aliyemteua Hitler kuwa Kansela tarehe 30 Januari 1933. Kwa hiyo kumbukumbu zake, zilizotoka 1920, zisifunguliwe kabla ya kuzijua tarehe hizi.

Ni vyema pia kujua kwamba sehemu kubwa ya nyaraka za jeshi la Prussia iliteketea Potsdam katika shambulio la ndege la Aprili 1945. Pengo hilo liliwapa majemadari nafasi ya kusikika kuliko walivyostahili.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakutana na Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki katika vita hivyo, ambaye wengi humsifu kwa ushindi wa Tanga wa Novemba 1914 na kwa kujisalimisha baada ya vita kwisha Ulaya. Nashauri, tena kwa msisitizo, kwamba kabla ya sifa hizo asome kwanza habari za wapagazi waliokufa kwa maradhi na uchovu, na za njaa ya Ugogo ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa vijiji.