Somo: Jinsi ya kuchangisha fedha ili aliyepooza aweze kujitegemea tena

Mchango wa harusi hujaa kabla ya kikao cha tatu. Wa msiba hujaa siku hiyo hiyo. Mchango wa mtu aliyeruhusiwa hospitali miguu ikiwa haina nguvu huanza vizuri, halafu mwezi wa pili kundi la WhatsApp linanyamaza. Ukirudi kuusoma ujumbe ulioanzisha mchango, mara nyingi unasema "tumchangie ndugu yetu matibabu". Matibabu hayo hayana mwisho wala umbo, na mchangaji hajui elfu kumi yake imefanya nini.

Tunachofundisha hapa ni kuchangisha kwa ajili ya shughuli moja moja ambayo mgonjwa anataka kuifanya tena kwa mikono yake. Kila shughuli iwe na gharama yake na tarehe yake ya mwisho.

Hatua ya 1: Kaa na mgonjwa mwenyewe

Kikao cha ndugu kije baadaye. Muulize: tangu kuamka hadi kulala, ni jambo gani linakuumiza zaidi kufanyiwa na mtu mwingine? Wengi hutaja choo kwanza, kisha kuoga, kisha kutoka nje ya geti, kisha kazi. Andika kwa mpangilio wake yeye. Kama kiharusi kimemchukua usemi, muulize maswali ya ndiyo na hapana, mwonyeshe picha, akubali kwa kidole au kwa kope. Kushindwa kusema hakumaanishi haelewi. Familia nyingi hukimbilia kuchangia kitanda cha hospitali wakati mwenyewe aliwaza kufika chooni bila kubebwa na mkwewe.

Hatua ya 2: Jueni ugonjwa unakwenda wapi

Ratiba ya fedha hufuata ratiba ya mishipa ya fahamu.

Kwa kiharusi, nafuu kubwa zaidi huja katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, kwa hiyo fedha ya mazoezi itangulie. Kusubiri "tujikusanye kwanza" ni hasara. Nafuu huendelea hata baadaye, ila kwa mwendo wa polepole.

Kwa Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva, wengi hurudi kutembea, lakini pale nyuzi zenyewe za neva zilipoharibika huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kiunoni hadi nyayo za mtu mzima ni karibu mita moja, yaani siku 1,000. Hapo gawanyeni mchango uende mbali, na kiti mwendo mkiazime badala ya kununua cha bei kubwa.

Uti wa mgongo ukishaumia sana, kwa TB ya mgongo au uvimbe, mara nyingi kiti mwendo ni cha kudumu. Nunueni kizuri, tena kwa vipimo.

Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia awaandikie matarajio hayo kwenye karatasi yenye mhuri. Karatasi hiyo ndiyo itakayojibu maswali ya wachangaji.

Hatua ya 3: Bajeti, kitu kwa kitu

Tuanze na njia ya kuingilia nyumbani. Kanuni ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Baraza likiwa juu ya ardhi kwa sentimita 45, mteremko uwe na urefu wa mita 5.4. Fundi atakwambia mita 2 zinatosha. Mkatalie, kwa sababu mteremko mkali humrudisha mtu kinyumenyume na kiti chake. Upana uwe mita 1.2, na juu mlangoni pawe na eneo tambarare la mita 1.5 kwa 1.5 ili ageuze. Jazeni kifusi kilichoshindiliwa, juu mmwage zege la sentimita 10. Kwa vipimo hivi zege la mteremko linakula mifuko 4 hadi 5 ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kingo za pembeni ziinuke sentimita 7 hivi, na kabla zege halijakauka lipitishwe ufagio mgumu lipate mikwaruzo, la sivyo mvua ikinyesha ni utelezi.

Choo. Mlango uwe na nafasi ya sentimita 80 au zaidi. Fedha ikiwa ndogo, ng'oeni mlango mtundike pazia. Mnapata sentimita kadhaa bila kuvunja ukuta. Kiti cha choo kilingane na urefu wa kiti mwendo, sentimita 45 hadi 50, ahame kwa kuteleza bila kupanda. Vishikio ni bomba la chuma la inchi moja na robo, kimo cha sentimita 70 hadi 80 kutoka sakafuni. Kishikio kilichofungwa kwa skrubu kwenye tofali lenye uwazi ndani kitang'oka siku atakayokitegemea, kwa hiyo bolti zipenye ukuta mzima au tofali zijazwe zege.

Kiti mwendo. Upana wa kiti ni upana wa nyonga akiwa ameketi. Kina ni kutoka nyuma ya kalio hadi nyuma ya goti, ukitoa sentimita 3 hadi 6. Viti vya kukunja vya hospitali vina magurudumu madogo mbele, yanazama kwenye mchanga wa mtaani. Kwa njia mbovu tafuteni cha magurudumu matatu chenye gurudumu kubwa mbele.

Mto wa kukalia usiukose hata kama itabidi ukose kitu kingine. Asiyehisi kalio lake hupata kidonda bila kujua, na kidonda humrudisha kitandani kwa miezi. Pimeni hivi: akiwa ameketi, ingiza ncha za vidole chini ya mfupa wa kalio. Vidole vikiweza kupanda na kushuka milimita 5, mto unafaa. Vikibanwa, haufai. Hata kwenye mto mzuri, kila nusu saa ainame mbele au ajinyanyue kwa dakika moja hadi mbili. Kipande cha godoro huwa kizuri wiki za kwanza, halafu hulala, kwa hiyo rudieni kipimo kila mwezi.

Mazoezi hulipiwa zaidi barabarani kuliko hospitali. Mara 3 kwa wiki kwa wiki 24 ni mahudhurio 72, safari 144 za bajaji. Safari ikiwa 4,000, ni 576,000 za nauli tupu. Mwombeni mtaalamu amfundishe ndugu mmoja mazoezi ya kila siku nyumbani, hospitali waende mara moja kwa wiki: safari 48, shilingi 192,000. Kwa anayetoa mkojo kwa katheta, yaani mrija wa mkojo, mara 4 hadi 6 kwa siku, hesabuni katheta 120 hadi 180 kwa mwezi ikiwa kila moja inatumika mara moja.

Mwisho ongezeni asilimia 10 ya dharura, na makato ya kutuma na kutoa. Makato husahaulika kila mara.

Hatua ya 4: Punguzeni yasiyo ya kuomba

Kabla ya kumnyooshea mtu mkono, maliza haki zake. Tanzania: bima yake inalipia nini, kama alikuwa mwajiriwa, ulizeni mfuko wake wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, kuhusu mafao ya ulemavu, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hospitali za CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi zina huduma za utengamao na vifaa. Kenya: jiandikisheni kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hutoa pia vifaa vya kujongea; APDK, shirika la watu wenye ulemavu, hutengeneza viti mwendo. Kilichobaki baada ya hapo ndicho cha kuchangisha, na mchangaji akijua mmeshahangaika huko, hutoa kwa moyo.

Hatua ya 5: Kamati na namba

Watu 3 hadi 5 wanatosha. Mweka hazina asiishi nyumba moja na mgonjwa, maana fedha ya choo itanunua unga, na hakuna atakayemlaumu. Fungueni akaunti ya kikundi benki yenye watia saini watatu, au M-Koba, akiba ya kikundi ya kwenye simu, ambako kutoa fedha kunahitaji idhini ya zaidi ya mmoja. Kwenye muhtasari wa kikao cha kwanza andikeni: fedha ikizidi itakwenda wapi, na mgonjwa akifariki itakwenda wapi. Ni neno zito, lakini liandikwe mapema, wakati hakuna ugomvi.

Hatua ya 6: Ujumbe

Mfano, bei ikiwa ya kuwekea tu:

"Ndugu na marafiki, mwalimu wetu ameruhusiwa hospitali, miguu bado haina nguvu. Anataka aingie chooni na kuoga bila kubebwa. Tunahitaji mteremko wa mita 5.4, kupanua mlango mmoja, vishikio viwili na kiti cha choo: jumla 980,000. Mwisho tarehe 5. Namba ni hii, jina litakalotokea ni la mweka hazina wetu, fulani. Tafadhali tuma na ya kutolea. Mwalimu mwenyewe amesomewa ujumbe huu akaukubali."

Jina litakalotokea lisikosekane. Matapeli hunakili tangazo na kubadili namba. Msiweke picha yake akiwa na mirija puani. Picha ya ngazi za baraza lake inaeleza tatizo vizuri zaidi na haimvunjii heshima. Tumeni kati ya tarehe 25 na 5, mishahara ikiwa imeingia. Januari ni mwezi wa ada, subirini.

Hatua ya 7: Malipo na taarifa

Hospitali ilipwe moja kwa moja. Fundi alipwe kwa awamu tatu, ya mwisho baada ya mgonjwa kupanda na kushuka mteremko mwenyewe. Dukani daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kila Jumapili tumeni: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, risiti, picha ya kazi. Shughuli ya kwanza ikikamilika ndipo mtangaze ya pili. Hapo ndipo mchango wa pili hupata watu kuliko wa kwanza.

Maswali ya wanachama

*Tanga: Shikamooni. Kundi lina watu 180, waliotoa ni 20. Tufanyeje?*

Marahaba. Acheni kusukuma kundini. Kila mwanakamati achukue majina 35 apige simu, mtu kwa mtu. Aombe ahadi yenye tarehe, na siku hiyo akumbushe mara moja tu. Asiyekuwa na fedha muombeni kitu: mchanga, siku moja ya kazi, bajaji ya kwenda kliniki.

*Mombasa: Hujambo dada. Tutumie M-Changa au namba ya mama?*

Sijambo. Kwa familia pekee, namba ya mama inatosha. Mkivuka hapo tumieni M-Changa, jukwaa la kuchangisha mtandaoni, kumbukumbu za michango zinabaki mahali pamoja. Wanakata ada, kwa hiyo someni kiwango na mkiingize kwenye bajeti.

*London: Ndugu zangu, naweza kumfungulia mjomba wangu aliyeko Morogoro ukurasa wa GoFundMe?*

Unaweza kufungua wewe, fedha ziingie akaunti yako ya Uingereza. GoFundMe, tovuti ya kuchangisha, hailipi kwenye akaunti za benki za Tanzania. Andika wazi kwamba wewe ndiye unayepokea, undugu wenu ni upi, na utazituma kwa nani. Kila utumapo, weka stakabadhi.

*Mwanza: Mume wangu hataki watu wajue anatumia katheta. Tutaeleza vipi gharama?*

Mama, siri yake ibaki yake. Andikeni "vifaa vya usafi binafsi" na jumla. Risiti aione mweka hazina peke yake.

*Dodoma: Kuna watu wanasema tiba ya seli shina nje ya nchi itamrudishia miguu, tukusanye milioni 40.*

Kaka, kwa uti wa mgongo ulioharibika hakuna tiba ya seli shina iliyothibitishwa kurudisha mwendo. Anayeuza mara nyingi hudai malipo kabla na hatoi maandishi ya matokeo. Mpelekeeni daktari wake karatasi zao kabla ya kuahidi hata shilingi moja.

*Iringa: Shikamoo. Baba ni fundi cherehani, kiharusi kimelegeza mguu wa kulia, mikono ni mizima. Awamu ya mwisho tumnunulie cherehani mpya?*

Marahaba mwanangu. Msinunue. Ile aliyoizoea ifungwe mota: fundi anatoa mkanda mrefu wa chini, anafunga mota ubavuni kwa mkanda mfupi, na kikanyagio kinahamia mguu wa kushoto. Ashone vitambaa chakavu saa moja kila siku kwa wiki mbili, mwone anachoka wapi. Ndipo mchangie vitambaa na uzi vya kuanzia. Halmashauri pia hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Anzeni kuulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata sasa, msisubiri hadi vitambaa viishe.