Kupanda Hanang ukitokea Dodoma: utalala wapi?

Wengi wakiulizia Hanang huanza na viatu. Anza na pa kulala. Mlima una mita zaidi ya 3,400, na aliyelala vibaya utamwona asubuhi kabla hata msitu haujaisha.

Hatua ya 1: Usiku wa kwanza lala Katesh, mji ulio chini ya mlima. Basi lipitie Kondoa na Babati au lizungukie Singida, muhimu ufike mchana, uwahi ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa kibali na mwongozaji. Gesti zipo. Fungua bomba kabla hujalipa, halafu muulize mhudumu: saa kumi alfajiri nani ana ufunguo wa geti?

Hatua ya 2: Amua mapema. Wenye miguu hupanda na kushuka siku moja kwa njia ya Jorodom. Wewe unayeshinda ofisini, beba hema. Maji yote beba kutoka chini.

Hatua ya 3: Hema lisimame sehemu iliyoinuka, kamwe si korongoni. Kiangazi korongo linavutia kweli: mchanga laini, upepo hakuna. Lakini Desemba 3, 2023 matope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlima huu hadi Katesh na Gendabi, watu zaidi ya 80 wakafa. Nenda kati ya Juni na Oktoba.

Hatua ya 4: Baridi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Blanketi peke yake halitoshi; tandika kitu kinene chini, maana ardhi ndiyo inayokunyonya joto usiku kucha.

MASWALI

Mkuu, naweza kulala kwa wenyeji niokoe hela ya gesti?
— Mwongozaji ndiye akuombee. Usiibuke jioni na begi kwenye boma la Wabarbaig wasiokutarajia. Na usiende mikono mitupu, sukari na majani ya chai vinatosha.

Nina lile hema la kurusha, linajifungua lenyewe. Litafaa?
— Kwa upepo wa kule juu, ndugu yangu, litajirusha lenyewe pia.

Je, sisi wenye watoto?
— Nendeni Kolo mkaone michoro ya miambani, Urithi wa Dunia tangu 2006. Mnalala Kondoa mjini kwenye vitanda. Ila njia ya kufikia michoro ni mwinuko mkali, msije na kandambili.