Somo: Akiba ya chakula na vitu vya ndani kabla kimbunga hakijatangazwa (watu wa Mtwara na Lindi hili letu)

Asalaam aleykum wapendwa, na Bwana asifiwe kwa wengine. Nimeulizwa sana inbox kuhusu hili, nikaona nisijibu mmoja mmoja, niandike lote hapa kila mtu alipate.

Mimi nina duka la vyakula Mtwara mjini, Magomeni, mwaka wa kumi na moja huu. Haya nayasema kwa yale niliyoyaona kaunta, watu wanavyokuja mbio mbio wakisikia redio imetangaza kimbunga, kila mtu anataka kiroba, kila mtu anataka mishumaa, na mimi mwenyewe mzigo wangu umekwama njiani.

Kitu kimoja nataka kikae kichwani kabla hata ya hatua ya kwanza. Upepo unapita siku moja, kinachotutesa sisi ni barabara. Mkumbuke 2019 kile cha Kenneth, tuliambiwa tukae tayari, shule zikafungwa, kikaenda kutua kwa jirani zetu Msumbiji, kaskazini ya mji wao wa Pemba (sio kisiwa chetu cha Pemba), tarehe 25 Aprili, watu wakasema aah si kimepita. Mei 2024 kikaja Hidaya. Chenyewe kiliishiwa nguvu kilipofika Mafia tarehe 4, lakini mvua yake ikakata barabara ya Dar upande wa Kilwa, kule Somanga, malori yakalala huku na huku ya maji, mabasi yakarudi, wenye haraka wakazunguka Songea. Hapo ndo mtu anaelewa. Unga, sukari, mafuta ya kula, mitungi ya gesi, karibu vyote hivi vinakuja na lori kutoka Dar. Gesi inachimbwa hapa hapa Mnazi Bay, ila ule mtungi wako wa kupikia unatoka Dar, wengi hawalijui hilo.

Kwa hiyo sinunui akiba ya siku ya upepo, nanunua akiba ya siku ambazo lori halitofika. Wataalamu wengi wanasema siku tatu. Kwa huku kwetu mimi nasema kumi.

HATUA YA KWANZA: jua msimu, anza mapema

Vimbunga vya bahari yetu hii vina msimu, Novemba mpaka Aprili, na kama mlivyoona Hidaya kilikuja Mei. Ni miezi ile ile ya mvua zetu za msimu. Mimi naanza Oktoba mwishoni, hela ya korosho nayo inakuwa imeanza kuingia mitaani, kila wiki natoa kitu kimoja, wiki hii chumvi na kiberiti, wiki ijayo kilo tano za mchele. Ukisubiri tangazo utanunua kwa bei ya tangazo. Sisi wenye maduka tusidanganyane, bei inapanda, na si roho mbaya peke yake, kuna siku mimi mwenyewe nilinunua jumla kwa bei ya juu kuliko niliyokuwa nauzia jana yake.

Halafu jifunzeni lugha ya TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakisema ANGALIZO ile rangi ya njano, kaa macho. TAHADHARI, rangi ya chungwa, maliza maandalizi siku hiyo hiyo. TAHADHARI KUBWA, nyekundu, hapo sio muda wa kwenda sokoni tena, hapo ni kusikiliza viongozi wa mtaa wanasema mwende wapi.

HATUA YA PILI: piga hesabu ya tumbo

Watu wanakosea hapa, wanajaza biskuti na soda. Hesabu yangu ni nusu kilo ya nafaka kwa mtu mmoja kwa siku, wakubwa kwa wadogo wanafidiana. Nyumba ya watu sita ni kilo tatu kwa siku, siku kumi kilo 30. Mimi nagawa kilo 20 za sembe na 10 za mchele. Kunde au mbaazi au choroko kilo tano, mafuta lita mbili, sukari kilo tatu, chumvi kilo moja, majani ya chai. Chukua sembe, usichukue dona ya kuweka, dona ina mafuta yake inawahi kuchacha, dona kula kila siku ila akibani usiweke.

Kitoweo: bahari ikichafuka wavuvi hawatoki, na hata ikitulia wanachukua siku kadhaa, kwa hiyo samaki mbichi msahau. Weka dagaa na ng'onda, wale samaki wa kukaushwa. Makopa ya muhogo pia yakikauka vizuri yanakaa, ni chakula chetu, hakidai lori. Na karanga na korosho jamani, vinaliwa bila moto, mtoto akipewa kiganja kimoja anatulia. Ming'oko, ile mizizi ya porini, ni tamu lakini haikai, hiyo kula kabla.

Zaidi ya hapo tenga chakula cha siku mbili ambacho hakipikwi kabisa, sababu siku ya upepo wenyewe hutowasha jiko. Mikate, mihogo iliyochemshwa asubuhi, karanga, ndizi.

HATUA YA TATU: maji

Hii ndo naisemea kwa nguvu kuliko zote. Mafuriko yakiingia kisimani au chooni, maji ya mtaa mzima yameharibika. Lita nne kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia tu. Watu sita ni lita 24, yaani dumu la lita 20 na kidogo, kila siku. Mwenye nafasi aweke madumu 12, asiye na nafasi asikose manne, yale ni siku tatu. Osha dumu kwa sabuni, suuza mpaka harufu iishe, jaza mpaka shingoni, andika tarehe kwa makapeni. Lililokuwa na mafuta ya taa au dawa ya mikorosho lisiingie kwenye hesabu hii hata uoshe mara mia.

Yakiisha hayo, chemsha, yachemke kweli yafoke, au tumia vidonge vya kutibu maji, vile vya kawaida kimoja ni kwa ndoo ya lita 20, unasubiri nusu saa, soma pakiti sababu vinatofautiana. Na weka chumvi na sukari za kutengeneza maji ya mtu anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vya kusawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

HATUA YA NNE: namna ya kuweka, sio kununua tu

Usiku ule wa Hidaya maji yaliingia stoo kwangu kwa chini ya mlango, hayakufika hata kifundo cha mguu. Asubuhi nimeinua kiroba cha juu kikavu, cha pili kikavu, cha chini kabisa nimekivuta kikapasuka, unga umeshikana kama udongo wa kufinyangia, na ule wa katikati ulikuwa umeanza joto, ukitia mkono unausikia. Viroba vitatu vilienda. Tangu siku hiyo hakuna kitu changu kinalala sakafuni. Chukua matofali, weka mbao juu, panga juu ya mbao na uache upenyo na ukuta, ukuta nao unatoa jasho.

Unga hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Kunde ng'ata punje moja: ikikatika kwa mlio ni kavu, weka. Ikibonyea chini ya jino rudisha juani siku mbili, sababu ukiifungia na unyevu itaota ukungu na huo ukungu una sumu, haiponi kwa kupika.

HATUA YA TANO: moto, mwanga, simu

Gunia la mkaa liwe ndani palipo pakavu. Kiberiti funga ndani ya mfuko wa nailoni halafu ndani ya kopo. Tochi na betri za ziada ni bora kuliko mishumaa, upepo ukiingia na mshumaa uko karibu na chandarua ni nyumba hiyo. Umeme wa LUKU nunua kabla, mtandao ukikatika hupati tokeni. Chaji simu zote na pawabenki tangu tangazo la kwanza. Redio ndogo ya betri bado ni mali. Na pesa taslimu, noti ndogo ndogo, wakala hana mtandao na wewe hela yote iko kwenye simu, utakaa unaitazama tu.

HATUA YA SITA: mkoba wa kuondoka nao

Vyeti, kitambulisho cha NIDA, kadi za kliniki na bima, dawa za wagonjwa za wiki mbili au zaidi, pedi, nguo moja moja, kanga mbili, vyote kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi moja, begi likae karibu na mlango. Wanaokaa mabondeni na wale wa kando ya bahari, Mikindani, Msimbati, Lindi kule chini, mkiambiwa ondokeni mwondoke na begi, viroba acheni. Akiba ni ya aliye hai.

Karibuni maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Mapacha (Mikindani): Dada shukran. Mi napanga chumba kimoja, madumu 12 nitaweka wapi?

JIBU: Mdogo wangu usiumie, anza na manne. Kitanda inua kwa matofali, madumu yanalala uvunguni. Halafu siku likitoka tangazo jaza kila chombo ulicho nacho, sufuria, beseni, ndoo ya kufulia iliyooshwa, hayo yatakuwa ya kuogea na chooni, yale manne usiyaguse.

Mkulima wa Nanyamba: Kunde zangu kila mwaka wadudu wanamaliza kabla ya Februari, nazo nimekausha vizuri tu.

JIBU: Kaka, mara nyingi mdudu anatoka nazo shamba, mayai yako ndani ya punje. Chekecha majivu safi ya kuni yaliyopoa kabisa, changanya na kunde kwa wingi mpaka kila punje imevaa, jaza dumu kavu mpaka juu pasibaki hewa, kaza mfuniko na usifungue fungue. Mdudu akikosa hewa anakufa. Siku ya kupika unapepeta na kuosha, basi. Zile dawa za vidonge vya ghalani usiweke kwenye chumba mnacholala, nakuomba sana, ile hewa yake inaua watu.

Bi Mkubwa wa Lindi: Mwanangu, mvua ikikesha na sisi jiko letu la nje limeezekwa makuti, si naweza kuingiza jiko la mkaa ndani tukapika na tukaota moto?

JIBU: Shikamoo bi mkubwa. Hapana mama, tafadhali. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu analala haamki. Hata uone hauna moshi. Pikia barazani upande usio na upepo, au subirini na kile chakula kisichopikwa, ndo maana nimekisema. Baridi jifunikeni kanga na mashuka. Na baba akisema jenereta iingie ndani isiloe, hiyo nayo ni sumu ile ile.

Kijana wa Nangurukuru: Mzee wangu anachoma insulini. Siku zile umeme ulikatika tukabaki tunahangaika na barafu.

JIBU: Pole sana. Barafu usiigusishe na dawa, insulini ikiganda imeharibika. Chukua chungu kikubwa na kidogo cha udongo, kidogo kikae ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga uliolowana, dawa weka ndani ya kile kidogo ikiwa kwenye mfuko usiopitisha maji, funika na kitambaa kibichi, chungu kiweke kivulini penye hewa. Chupa iliyofunguliwa kwa kawaida inakaa kama mwezi nje ya friji mradi joto lisizidi nyuzi 30, na kwetu linazidi, ndo kazi ya chungu. Muulizeni pia mtoa dawa wenu aina yenu inasemaje, na chukueni dozi mapema msimu ukianza. Kuhusu friji ya chakula: usifungue, inashika ubaridi kwa masaa kama manne. Friza iliyojaa inaweza kufika siku mbili.

Wa Chikongola ila niko mbali: Mi ni wa Mtwara ila niko Buffalo, Marekani, huku kwetu ni theluji. Somo lako linanifaa?

JIBU: Linakufaa, na nyie mnalihitaji hasa. Desemba 2022 hapo hapo Buffalo na maeneo ya jirani theluji ilizidi mita moja, watu wakakwama ndani ya nyumba na wengine ndani ya magari, wakafa zaidi ya 40. Hesabu ya chakula na maji ni ile ile, ila wewe ongeza blanketi na uache bomba lidondoshe maji kidogo kidogo lisigande likapasuka. Ukikwama kwenye gari, kabla ya kuwasha injini fukua theluji kwenye bomba la moshi, la sivyo ile sumu niliyomwambia bi mkubwa inarudi ndani. Theluji usile mbichi ukiwa na kiu, inakupoza mwili. Na bora zaidi usitoke nyumbani, mdogo wangu, chakula si unacho.

Mama Mapacha: Swali la mwisho dada, kimbunga kisipokuja chakula chote hicho nakifanyaje?

JIBU: Unakula! Mimi kila wiki natoa cha zamani napika, naweka kipya nyuma yake, hakuna kinachokaa zaidi ya miezi mitatu. Mei ikiisha siongezi tena, Juni na Julai tunakula akiba, hela ya sokoni inapumzika, mbaazi mpya zikianza kuingia za mwaka jana zimeshakwisha. Ndoo naziosha, naanika juani, nazifunika na kanga kuukuu zisiingie vumbi mpaka Oktoba.