Kabureta inazidisha mafuta: pima bakuli kabla ya kugusa jeti

Nimetoka kumsaidia rafiki yangu na pikipiki yake ya magurudumu manne, ile ya matope na milima. Ikiwa baridi inawaka vizuri. Ikishapata moto inakoroma, inatoa moshi mweusi, na plagi inakufa kila baada ya safari mbili. Alikuwa ameshabadilisha jeti (kile kipande cha shaba chenye tundu dogo linalopima mafuta) mara tatu, na ubovu haukuwa kwenye jeti. Haya ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio ambao yeye angeufuata tangu mwanzo asingenunua hata jeti moja. Ni kwa kabureta ya slaidi (kizibo kinachopanda na kushuka ukivuta resi) yenye bakuli moja, yaani kile chombo cha chini kinachokaa petroli. Fanyia kazi nje, mbali na moto.

1. Hakikisha kweli ni mafuta

Endesha kwanza, kisha zima na utoe plagi. Masizi makavu, meusi, kama ya sufuria ya kuni: mafuta yamezidi. Weusi wa utelezi ni oili inayopanda, na hapo kabureta haina kosa. Halafu, injini ikiwa na moto, vuta kidogo choki, ile inayoongeza mafuta wakati wa kuwasha ikiwa baridi. Ikizidi kukoroma, mafuta yalikuwa mengi tayari. Ikichangamka, una tatizo la kinyume, na mwongozo huu haukufai.

Chomoa na kijiti cha oili ukinuse. Kama oili imepanda na inanuka petroli, usiiwashe tena mpaka uibadilishe. Petroli hiyo imepita pembeni ya pistoni, na kazi yake humo ndani ni kuosha oili inayolinda silinda.

2. Vitu vya dakika kumi

Sponji ya chujio la hewa: ioshe, ipake oili, ikamue sana. Sponji inayochuruzika oili inaziba hewa sawa na iliyojaa vumbi.

Choki: waya wake uwe na mchezo kidogo. Ukikaza, kile kijipistoni cha choki hakikai chini kabisa na petroli inapita muda wote.

Koki ya mafuta: kama ni ile inayofunguliwa na mvuto wa injini, chomoa mpira wake mwembamba wa mvuto. Ukikuta petroli ndani ya mpira huo, kiwambo cha koki kimepasuka na injini inanyonya mafuta moja kwa moja bila kupitia kabureta.

3. Bakuli

Hapa usiwe na haraka. Kila jeti imetobolewa kwa kuamini kwamba petroli kwenye bakuli iko kwenye kimo fulani. Kimo kikipanda, jeti zote zinatoa zaidi, kwa resi ndogo na kwa resi kubwa. Ukikutana na injini inayozidiwa kila mahali, shuku bakuli.

Simamisha pikipiki pahali tambarare. Chomeka mpira mwangavu kwenye tundu la kumwagia la chini ya bakuli, upinde kwenda juu ubavuni mwa kabureta, kisha legeza skrubu ya kumwagia. Petroli itapanda kwenye mpira mpaka ilingane na iliyo ndani. Kwa kawaida inasimama milimita chache chini ya pale bakuli linapoungana na kabureta. Kipimo chenyewe kiko kwenye kitabu cha ufundi cha chombo chako. Sasa subiri. Usitazame mara moja ukaondoka. Ya rafiki yangu ilisimama pazuri kabisa, na baada ya kama robo saa ilikuwa imevuka gasketi, ikaanza kudondoka kwenye mpira wa kupumulia. Ikipanda namna hiyo, petroli inavuja kuingia bakulini wakati njia inatakiwa kuwa imefungwa.

Fungua bakuli. Mambo manne, na yote yafanye:

Boya, lile linaloelea na kusukuma sindano ifunge njia ya petroli bakuli likijaa. Litikise sikioni. Ukisikia maji maji ndani, limetoboka. Usiposikia kitu, lizamishe kwenye maji ya moto (yaliyokwisha kutoka jikoni) uangalie povu. Tundu dogo kama la sindano linatosha kulizamisha polepole.

Sindano ya boya. Ncha yake ikiwa na mfereji wa mviringo, badilisha. Usijaribu kuisugua.

Kikalio cha sindano, yaani tundu ambalo ncha ya sindano inalifunga. Kisafishe kwa pamba na dawa ya kung'arishia shaba. Msasa hapana, hata ule laini.

Oringi (pete ya raba) ya kikalio. Hii ilinila siku mbili miaka ya nyuma, na ndiyo iliyomsumbua rafiki yangu. Kwenye kabureta nyingi kikalio ni kipande cha peke yake, kimeshikwa na kibati chenye skrubu moja, na nyuma yake kuna oringi. Oringi ikikauka, petroli inapita *pembeni* ya kikalio. Sindano inafunga vizuri kabisa, boya linafanya kazi, na bakuli linafurika. Mimi nilinunua sindano mpya, nikapima boya mara sita, wapi! Nilipoigeuza kabureta kichwa chini, boya likiwa limelalia sindano, nikapaka maji ya sabuni na kupuliza kwa mdomo kupitia mpira wa kuingizia mafuta, nikaona kipovu kimoja kikitoka ukingoni mwa kikalio. Tunduni hapakutoka kitu. Tangu siku hiyo sifungi bakuli bila kupuliza. Chomoa kikalio kwa koleo lililozungushiwa kitambaa, ukikizungusha taratibu, na oringi mpya iwe ya raba inayostahimili petroli. Ya bomba la maji itavimba.

Ukipima kimo cha boya, usiiache kabureta kichwa chini. Uzito wa boya unabana kile kipini chenye springi kwenye sindano na kipimo kinakudanganya. Iinamishe mpaka ulimi wa boya uguse kipini bila kukibonyeza, hapo ndipo upime.

4. Kama bakuli ni zima

Bandika utepe kwenye mkono wa resi, uweke alama za robo, nusu na robo tatu, kisha endesha usikie inakoroma wapi. Resi ndogo kabisa: jeti ndogo na skrubu ya kurekebisha. Katikati: sindano ndefu ya slaidi; pandisha klipu yake mfereji mmoja ili sindano ishuke. Ikiendelea, kagua jeti ambayo sindano hiyo inapita ndani yake. Tundu likiwa limelika na kuwa kama yai, klipu haitasaidia. Robo tatu kwenda juu: jeti kubwa, na kabla ya kuibadilisha angalia kama haijalegea.

Usizibue jeti kwa waya. Shaba ni laini, unaongeza tundu. Na usilinganishe namba za jeti za Mikuni na za Keihin, watengenezaji wawili wa kabureta.

5. Skrubu ya kurekebisha

Ikiwa upande wa injini, kuifunga kunapunguza mafuta. Ikiwa upande wa chujio, ni ya hewa, na kuifungua ndiko kunakopunguza. Anzia mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofungwa kwa mkono mwepesi.

Kama inakoroma milimani tu, huenda haina ubovu wowote. Kwenye mita 2,000 hewa ina uzito wa karibu asilimia 82 ya ile ya usawa wa bahari, lakini jeti ni ileile. Weka ndogo kidogo, na uirudishe ya zamani ukishuka, maana kukosa mafuta kunaunguza pistoni.

Badilisha oili, weka plagi mpya, endesha nusu saa, uitoe tena. Ya rafiki yangu ilitoka na rangi ya kahawia hafifu.