SOMO: Unadhani umepata spishi mpya ya bakteria kwenye maji ya kiwanda? Anzia hapa kabla hujaja inbox

Wakuu, nimechoka kujibu swali hilohilo kila wiki, naandika mara moja. Mimi nilifanyia maji ya korona (mashine ya kusindika katani) ya mkonge, ila hata ya kiwanda cha ngozi njia ni hii hii.

1. Chota sampo kwenye chupa safi, pima joto na pH palepale, weka kwenye barafu.

2. Zimua, mwaga kwenye sahani za agari (jeli ya kuoteshea), subiri koloni.

3. SAFISHA. Hapa niliaibika. Niliona koloni ya njano imekaa vizuri, nikaichora (kuitandaza kwenye sahani mpya) mara moja tu na lupu, kile kijiti cha waya, nikapeleka DNA isomwe, majibu yakaja inafanana 96% na spishi inayojulikana, nikakimbilia kwa msimamizi kumwambia tumepata mpya, hadi soda zikanunuliwa. Kumbe ile grafu ya usomaji wa DNA ilikuwa na vilima viwili viwili, yaani bakteria wawili ndani ya koloni moja, na mimi faili sikulifungua, nilisoma asilimia tu. Miezi mitano ikaenda na maji. Chora upya angalau mara tatu, kila mara toka koloni iliyojitenga, pita kwenye hadubini, grafu ifungue kwa macho yako. Usimwachie mtu wa maabara akuangalizie! Ikishatakata weka kwenye gliserini, friza ya nyuzi -80.

4. Soma 16S yote (jeni ya kumtambulisha bakteria), herufi za DNA kama 1,500, kipande cha 500 hakitoshi. Linganisha na streini rasmi zinazobeba majina ya spishi. Mfanano ukiwa chini ya 98.7% una kesi.

5. Soma jenomu nzima, yaani DNA yake yote, ulinganishe na ya ndugu zake wa karibu kwa vipimo viwili vya mfanano: ANI iwe chini ya 95–96%, dDDH chini ya 70%.

6. Joto, chumvi, pH, asidi za mafuta, huku ndugu zake wa karibu umewaotesha pembeni.

7. Iweke kwenye benki mbili za vimelea, nchi mbili tofauti, ndo uandike jina.

MASWALI

Dogo_Lab: mkuu yangu 16S imetoa 97.9, nishaipa jina, natangaza?

Jenomu inasemaje?

Dogo_Lab: sijafanya

Basi hujafika huko. Namba 5.

MamaSahani: Mbona chuoni tulifundishwa 97%?

Swali zuri dada. Hiyo ni ya 1994, mwaka 2006 wakapandisha kwenye 98.7 baada ya data kuongezeka. Mwalimu hakukosea, notisi zimezeeka tu.

Kibao: Yule mla plastiki wa Japani alipatikana hivi hivi?

Ndiyo, Ideonella sakaiensis, kwenye eneo la kurejeleza chupa huko Sakai, wakatangaza 2016. Na wao walianza na kundi la vijidudu mchanganyiko linalotafuna PET (plastiki ya chupa), ndo wakamtenga yeye peke yake. Namba 3 hiyo!

MamaSahani: Agari bei juu, mwani wa Zanzibar haufai?

Ule unaolimwa sana unatoa karajinani (jeli ya aina nyingine), siyo agari. Agari inatoka kwenye mwani wa Gracilaria na Gelidium. Kama unaotesha bakteria wa joto kali jaribu gelani, jeli mbadala wa agari, yenyewe haiyeyuki ovyo kwenye inkubeta.