Simu inaita, kioo giza: pima taa kabla hujabadili kioo

Mafundi wenzangu, juzi hapa Majengo, Dodoma, mama mmoja kutoka Chamwino aliniletea simu iliyobadilishwa kioo mara mbili, na bado giza. Kilichokufa ni koili (waya uliozungushwa) ndogo kuliko punje ya mtama. Iliniuma, maana ile ilikuwa hela ya zabibu zake.

Hatua ya 1. Washa simu, mulika kioo kwa tochi ukikiinamisha. Ukiona picha kwa mbali, kioo ni kizima. Zilizozima ni taa za nyuma yake. (Kioo cha AMOLED hakina taa ya nyuma, kila nukta hujiwakia, kwa hiyo hakimo humu.)

Hatua ya 2. Ijue njia ya umeme. Taa hizo ni LED (vitaa vidogo vya kielektroniki) nyeupe zilizopangwa kwa kufuatana ili umeme uleule, kama miliampea 20, uzipitie zote na ziwake sawa. Kila moja hula karibu volti 3. Zikiwa sita unahitaji volti 18, na betri ina 4 tu. Aisii (chipu inayoendesha taa hizo) huukata na kuuachia umeme wa koili kwa kasi kubwa. Kila ukikatwa, koili husukuma volti ya juu kupitia dayodi (kipitisha umeme upande mmoja) hadi kwenye kapasita (kihifadhi umeme) inayolisha taa.

Hatua ya 3. Toa betri. Weka mita kwenye buza, pima koili: isipolia, imekatika. Dayodi ipitishe upande mmoja tu. Kapasita isiwe na shoti.

Hatua ya 4. Weka koili ya aina ileile. Wapo wanaoiruka kwa waya. Msifanye hivyo jamani, aisii itaungua.

Swali (Kibaigwa): Fundi, flashi ya kamera nayo hupandishiwa volti hivyo?
Mara nyingi ni LED moja, volti 3 na ushee zinaitosha. Inachotaka ni umeme mwingi: ikipiga picha inaweza kufika ampea 1 kwa kitambo kidogo sana. Ndiyo maana betri ikikaribia kuisha simu hugoma kuwasha flashi.

Swali (Mpwapwa): Kaka, ile njano juu ya LED ya flashi ni uchafu? Nikwangue?
Usiguse, dada! Chini yake kuna LED ya bluu. Unga huo hugeuza sehemu ya bluu kuwa njano, na zikichanganyika jicho linaona nyeupe. LED hiyo ya bluu ndiyo iliyowapa wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kama ni vumbi letu la kiangazi, futa kioo cha nje kwa kitambaa laini.